Mtori wa Mayai Ishirini na Mawili

Jumanne, 9 Juni 2009
Mimi Tarsis, miaka sabini na mitano. Nimemzika mke wangu Severa, kaka zangu watatu, duka la kaya la mgao na foleni ya sabuni. Ruksa ya biashara huria ilipokuja nilianza na ndoo sita za plastiki. Leo nauza jumla, Kariakoo nzima inanijua. Kitu kimoja tu sina: mjukuu wa jina langu. Kwetu uchagani mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu. Mwanangu Elibariki na mkewe Nice, ninaokaa nao, wana miaka tisa ya ndoa. Kimya. Jirani yangu Jayant wa ghorofa ya tatu ana wajukuu watatu, na kila siku lazima apishane nami ngazini akiwa nao.
Sasa daktari wa Upanga atamtoa Nice mayai, akayachanganye na mbegu za Elibariki. Leo saa tatu usiku anachomwa sindano ya mwisho ya kuyakomaza. Keshokutwa yanatolewa.

Jumatano, 10 Juni
Nimenunua ndizi mshare na nyama. Kwetu mwanamke wa uzazi hupikiwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na mama mkwe. Severa hayupo. Nimejifunga kanga yake, nimepika. Nikaagiza Nice aondoke kesho na bakuli mbili tumboni. Elibariki akakataa. Eti hakuna chakula wala maji kuanzia usiku wa manane, maana atalazwa usingizi kwa dawa. Akiwa ameshiba atapaliwa usingizini. Na wakiahirisha, mayai yamepotea. Nimefunika sufuria. Kwa hasira, lakini nimefunika.

Alhamisi, 11 Juni
Kliniki. Nimevaa koti. Nice kaingia saa tatu, baada ya nusu saa katoka. Ni sindano ndefu, na njia inayopita siandiki, mimi baba mkwe. Hakusikia kitu. Alipozinduka akalia kidogo, akaomba maji.
Mayai ishirini na mawili! Nesi Mektilda akasema si ya kujivunia, mengi hivyo yana hatari yake. Wivu. Akasema maumivu kama ya hedhi na matone ya damu ni kawaida. Anywe maji, asinyanyue kitu. Mengine yako kwenye karatasi. Herufi kama sisimizi.

Ijumaa, 12 Juni
Kliniki wamepiga. Mayai tisa yameshika mbegu. Nikamwambia Jayant nina tisa. Akauliza tisa nini. Nikamwambia ahesabu vya kwake.
Elibariki kaenda Tunduma mpakani, mzigo wetu umekwama. Karatasi kaniachia, nimeapa kuisoma. Iko chini ya sufuria ya mtori, meza isiungue. Simu ya Nice nimeizima nikaifungia kabatini. Apumzike.

Jumapili, 14 Juni
Tumbo limetokeza! Siku tatu tu! Damu ya Tarsis hiyo. Sketi haifungi, kichefuchefu, pumzi fupi. Dalili zote. Nice akaniambia taratibu kwamba mayai yako kliniki, tumboni mwake hamna kitu. Watoto wa siku hizi wanataka kufundisha wazee. Akaomba karatasi ya nesi. Nikamjibu mjamzito hasumbui macho. Nikamwongeza bakuli. Kanisani nimetangaza, watu wamenipa mikono. Elibariki alipopiga nikamwambia anakula vizuri.

Jumatatu, 15 Juni
Jashoda, mke wa Jayant, ameshuka na madafu. Kamkuta Nice ameketi kitandani kaegemea mito, hawezi kulala chali, hajakojoa tangu jana. Hakunisalimu. Alinyanyua sufuria yangu, akatoa karatasi, akafuta ndizi, akasoma.
"Tumbo kuvimba, kutapika, mkojo kupungua, kupumua kwa shida: piga simu mara moja. Mzee Tarsis, hii umeisoma?"
Nikasema nilikuwa naipangia muda.
Jayant akaleta gari. Tukamteremsha Nice juu ya kiti, Jayant mbele mimi nyuma. Alikuwa mzito wa maji, mwepesi wa mtu.

Jumanne, 16 Juni
Wamemtoa maji lita mbili. Daktari kaeleza: vifuko vya mayai vilivimba kwa zile dawa, maji yakavujia tumboni, yakaanza kubana mapafu. Angechelewa siku moja zaidi... hakumalizia.
Elibariki kafika na vumbi la basi. Kaninyima mkono.
Nice akafumbua macho. "Baba, nilikuambia sipumui. Nilikuambia mara mbili."
Ni kweli. Nilitoka nikasimama koridoni na koti langu. Severa angesikia mara ya kwanza.

Ijumaa, 19 Juni
Nice karudi. Tumbo limeshuka, anatembea mpaka dirishani. Kati ya yale mayai tisa, manne yamekua salama. Yamewekwa kwenye baridi kali mpaka apone sawasawa, miezi kama mitatu, ndipo watampandikiza moja. Nani kasikia Mchaga anaogopa baridi? Majina nimeshagawa: Tarsis, Tarsis, Tarsis, na Severa.
Nimekaa nimetafakari. Tumbo lile nani aliliona wa kwanza? Mimi. Nesi hakuliona, daktari hakuliona. Bila jicho langu binti angekwisha. Nimemweleza Jayant hivyo ngazini, akaenda zake.
Elibariki ameleta karatasi mpya ya kliniki. Imekaa vizuri chini ya sufuria. Mtori wa safari hii nimeuzidishia siagi.
Asiyeamini haya akamuulize Jashoda, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Habari za sufuria asimuulize.