Juu kwa Juu, Chini kwa Chini

Muuza vitambaa aliyejipachika jina la Profesa aligundua udhaifu mkubwa wa binadamu: mwandikie hesabu ya sehemu zenye namba tofauti chini, atatikisa kichwa kama aliyeelewa. Akanunua ubao na chaki.

Jumatatu moja akaingia fundi cherehani, mama wa bibi harusi wa Jumamosi. "Mita mbili na nusu za gauni, moja na theluthi za shela. Nikatie pande moja."

Profesa akamtoza kila kipimo peke yake, maana kwenye pesa hakuwa mjinga, kisha akauendea ubao kwa unyenyekevu wa mtawa.

"Mbili na moja, tatu. Sasa nusu na theluthi. Juu kwa juu, moja na moja, mbili. Chini kwa chini, mbili na tatu, tano. Mita tatu na mbili ya tano! Hisabati haina undugu, mama."

Nyumbani shela ikaishia masikioni. "Mbili ya tano haifiki hata hiyo nusu peke yake!" fundi akang'aka. Karibu nusu mita ilikuwa imeliwa, na harusi haingoji.

Kesho yake alirudi akitabasamu kama mkwe anayekagua jiko. Foleni ilikuwa ndefu.

"Profesa mwanangu, elimu yako imenikuna. Kutoa nako ni hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, mama! Juu kwa juu, chini kwa chini."

Fundi akainua kipande cheupe mezani. "Hii robo tatu ya mita. Nikikata nusu mita?"

Chaki ikaitangulia akili. "Tatu toa moja, mbili. Nne toa mbili, mbili. Mbili juu ya mbili..." Ikasimama.

"Mita nzima!" foleni ikamalizia.

"Makubwa! Nikikata kinaongezeka. Basi hiyo nusu naichukua bure, hujapungukiwa kitu."

"Mama, ngoja, kutoa kuna..."

"Kuna nini? Kama ubao unadanganya sema, sote tupimiwe upya."

Profesa akaitazama foleni. Nayo ikamtazama, sura za wateja aliowapimia kwa ubao huo mwaka mzima.

"Haudanganyi," akasema kwa sauti ya mgonjwa.

"Asante, baba. Niazime mkasi."

"Ukimaliza unipe mimi," akasema aliyefuata. "Nami namtajirisha."

Jioni meza ilijaa vipande ambavyo visingetosha hata kumshonea mtoto kaptula. Profesa akafuta ubao, akaigeuza nusu kuwa robo mbili, akaitoa kwenye robo tatu, akapata jibu sahihi kwa mara ya kwanza tangu afungue duka. Robo. Akachukua robo moja pale mezani, akapenga kamasi.