Uweso Mshenga na Neno la Kizungu Lililozuia Posa

Jongeeni, enyi watu wa Makorora, nawe unayetafuna muwa kwa kelele, hebu tulia. Nawapa khabari ya Uweso bin Sadalla, muuza dagaa, simba wa washenga, ambaye katika mwaka wa hamsini na tatu alipigana na neno moja la Kizungu akaliangusha chali.

Rafikiye Fanueli, mkata mkonge, alimpenda Dorkasi binti Eliudi hata akawa anacheka peke yake kati ya miiba. Posa ilikwisha pelekwa, nayo ilikuwa karibu kukubaliwa. Ndipo bwana meneja wa shamba akamnyooshea Fanueli kidole mbele ya vibarua wote, akatamka, "Stalwart," akaenda zake. Mzee Eliudi, naye kibarua wa shamba lilo hilo, alikuwapo akasikia. Siku ile ile akamwita mshenga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Uweso, mwanangu, nimeukata mkonge tangu sijaota ndevu, na kila jina nililopewa na Mzungu kwa kidole lilikuwa tusi. Binti yangu haolewi na tusi. Niletee maana ya neno hilo na asili yake kabla ya Jumapili, ama posa yenu irudi ilikotoka."

Loo, mtihani huo. Shujaa akapanda baiskeli isiyo na breki, akaushambulia mtaa wa Usagara. Majeshi ya mbwa yakamtokea. Akayatawanya kwa dagaa, silaha ya ukoo wake, hata akafika kwa Mwalimu Praxeda, mwenye kamusi nene kama tofali. Mwalimu akafunua kurasa taratibu, na Uweso akasimama kando akitokwa jasho kama mwenye kesi.

"Ni sifa," akasema Mwalimu. "Ni mtu imara, wa kutegemewa. Ni neno kongwe. Hapo kale Waingereza walivisifia vyombo vyao vya bahari vilivyofaa. Na wengi husema limeungwa kwa maneno mawili, mahali na kustahili. Yaani, astahiliye mahali pake."

Uweso akarudi mbio, akasimama mbele ya Mzee Eliudi, akayamwaga yote, vyombo vya bahari na kustahili na mahali, bila kuacha hata moja. Nyuma ya mlango Dorkasi alikuwa hapumui.

Mzee akasema polepole, "Miaka yangu yote mkongeni, Uweso. Mimi wangeniita nani, kama wangejua kuita watu?"

Naye Uweso, ambaye katika Kiingereza chote alijua neno moja tu, akajibu, "Hilo hilo, Mzee."

Mzee Eliudi akajifuta macho kwa upindo wa shuka, akasogea kwenye busati kuacha nafasi. "Kamwite mkwe wangu aje aketi," akasema.

Basi wenye kuandika tarikhi za Tanga na waandike: siku hiyo Kiingereza kilishindwa Makorora, na Dorkasi akaposwa.