Mlima Umehamia Shimoda

Ofisi ya Mji wa Kamisawa, kupitia Idara yake ya Kontua na Usalama wa Miinuko, ilitutangazia wananchi wote kwa furaha kubwa kwamba mlima umehama. Zamani ulikuwa kaskazini, penye shule. Kuanzia msimu huu wa vimbunga utakuwa kusini, mtaani kwetu Shimoda, kando ya mto, penye mashamba ya mpunga na vyura. Wananchi tuliombwa kutoa ushirikiano.

Mimi ndiye mwenyekiti wa mtaa wa Shimoda, kwa hiyo tangazo nililibandika mwenyewe, nikalinyoosha kwa kiganja lisikunjamane pembeni. Jirani yangu, Mzee Hamaji, alilisoma akiwa na kabichi mkononi. Akautazama mto, akalitazama tena tangazo. Akasema anaishi hapa tangu azaliwe na hajawahi kupanda mlima kwenda chooni. Nikamwambia serikali ina vifaa vya kuonea ambavyo sisi hatuna.

Na kweli inavyo. Nilikwenda ofisini kuuliza, na Mizuho, binti wa mtaani kwetu anayeshughulika na kompyuta pale idarani, akanionyesha. Unachukua picha ya mji iliyopigwa kutoka angani. Kisha unaiambia programu ichore kontua juu yake, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa. Ilipendeza mno. Mistari ilikuwa ya kahawia, myembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Duara dogo kuliko yote, ndicho kilele cha mji, lilikuwa limekaa juu ya kibanda chetu cha kuwekea ngoma za sherehe.

Mizuho akainamisha kichwa, akaninong'oneza. Picha huhesabu safu zake kuanzia juu ikishuka. Mistari huhesabu kuanzia chini ikipanda. Usipoviambia vikubaliane, mistari hulala juu ya picha miguu juu, kichwa chini, kaskazini ikawa kusini. Yeye alisahau kuviambia. Kurekebisha, alisema, ni kubofya kijisanduku kimoja tu.

"Sasa si ubofye, mwanangu?"

"Imeshapigwa mihuri, bibi."

Hapo nikauona uzito wa jambo lenyewe. Ramani ile ilikuwa imepita meza zote, kutoka kwa Mizuho hadi kwa Mkuu wa Idara, Bwana Nukariya, na kila mmoja aligonga mhuri wake mwekundu. Kwa adabu ya ofisi zetu, mdogo huulaza mhuri wake kidogo kushoto, ulipo wa mkubwa wake, uonekane unamwinamia. Mihuri ya ramani ile iliinama vizuri sana, kama mpunga ulioiva. Wa Mkuu peke yake ulisimama wima. Ukirekebisha kontua, utakuwa umesema mihuri yote ile iliinamia kosa.

Mkuu alinipokea kwa chai ya shayiri. Alinieleza kwa upole kwamba Idara haiwezi kuburutwa na mlima, kwa sababu mlima hauna mhuri. Nikamwomba jambo moja tu. Shimoda hufurika kila kimbunga kikubwa, na sisi wazee hatuna pa kukimbilia ila ile shule ya kaskazini. Isifungwe.

"Bibi Ikuyo," akasema, "nyinyi mko kileleni. Mtu wa kileleni anakimbilia wapi, mbinguni?"

Shule ikatiwa kufuli, maana sasa iko bondeni. Boti ya uokoaji, ambayo ilikuwa yetu, ikapandishwa kilimani na kufungwa kwenye msonobari bustanini kwa Mkuu, ambaye nyumba yake iko jirani na shule. Ubavuni ikabandikwa amri yake kwamba ni boti ya bonde na ni marufuku kuipeleka kileleni. Aliwekewa pia nyumbani redio ya upepo, ya kuitana wakati wa dharura, iliyoandikwa "Bonde". Sisi redio yetu ilikaa kibandani pamoja na ngoma, imeandikwa "Kilele".

Kimbunga kilikuja siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mkuu ni mtu wa taratibu, hilo lazima nimsifu. Wakazi wa bonde walitakiwa kuhamia kileleni, naye kwa ramani ni mkazi wa bonde. Akavaa kofia ngumu nyeupe, akateremka Shimoda kuwa mfano. Tulipishana naye barabarani. Sisi tulikuwa tunapanda, tumebanana kwenye vipikapu na mabonge yetu ya wali. Akashusha kioo, akatuonya kwamba tunahatarisha maisha.

"Mkuu, kileleni kuna baridi," Mzee Hamaji akamjibu. "Funga koti."

Shule ilikuwa na kufuli lake, basi tukabisha nyumba iliyo karibu, ya Mkuu. Mkewe akatufungulia. Yeye hakuhama. Alisema akiosha vyombo anauona mto uko chini, na mto haujawahi kumtazama yeye kutoka juu. Tukavua viatu, tukavipanga vikiangalia mlango, tukaketi kwenye mikeka.

Redio ikakohoa. "Bonde, Bonde, hapa Kilele."

Niliichukua mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa na cheo. "Kilele, Bonde inakusikia."

Mkuu akatoa taarifa kwamba yuko juu ya paa la kibanda. Hali ya kilele si ya kuridhisha. Ngoma zimeelea, zimeondoka, na maji yanalamba ukingo wa paa.

"Mkuu, kilele hakijai maji. Ramani inasema hivyo."

"Bibi, leteni boti."

Mtu asidhani nilimfanyia ukaidi. Mzee Hamaji alikuwa ameshaipakia boti kwenye pikapu, injini inanguruma. Lakini amri ilikuwa ubavuni, na sisi ni watu wa kutii. Ili boti iteremke, lazima kwanza kilele kiwe bonde. Mizuho, aliyepanda na sisi, alikuwa amekwisha kubofya kile kijisanduku chake. Karatasi ya marekebisho alitembea nayo begini siku zote, imekunjwa vizuri. Ilipungukiwa mihuri tu. Mke wa Mkuu akavuta droo ya vijiti vya kulia, akatoa mhuri wa mumewe.

"Baba Chihaya," akasema redioni, "mhuri ninao hapa. Wewe sema tu."

Mizuho akaikunjua karatasi juu ya mkeka.

"Gongeni," akasema Mkuu.

Nikagonga kwanza wa kwangu, wa mwenyekiti wa mtaa, kushoto kabisa, wima. Kisha nikaushika wa Mkuu, nikaufuta kwa kitambaa, nikaupulizia pumzi, nikaugusisha wino.

"Mkuu, huu wako niulaze upande gani?"

Redio ikakwaruza. Nyuma yake nilisikia vyura wa kwetu.

"Uinamie wako, bibi," akasema. "Ulaze kabisa."