Mufuliiru Asiyekula Ndakala

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Délice amelala! Asante Mungu. Naandika upesi kabla hajaamka.

Hakulala kwangu. Kwangu analia kama nimemwiba sokoni. Amelala mgongoni kwa mama Cyusa, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Anaweka shavu, anavuta pumzi moja ndefu, kwisha. Mimi niliyemzaa nasimama pembeni na kikwembe changu cha kumbebea mkononi, kama mgeni.

Jina lake mama Cyusa ni Mutoni. Ni Munyamulenge, ameshuka kutoka kule juu milimani na mtoto wake mmoja na vitu vichache. Ng'ombe zao zilikwisha katika fujo. Mume yuko Kalemie anatafuta kazi. Siku aliyokuja kuuliza chumba nilitaka kukataa, kweli. Lakini Délice alikuwa analia tangu asubuhi, Placide, mume wangu, ametoka kuvua ziwani na anataka kulala, na huyu mama akaniomba tu, nipe mutoto nimubebe kidogo. Kabla ya kufika mlangoni Délice alikuwa amelala. Nikampa chumba hapo hapo. Sikuuliza hata kama anapika kwa kuni ao kwa makala.

Sasa matatizo. Mama mukwe amepiga simu. Anakuja Jumatano kutoka Makobola, kupumzisha goti na kumwona mjukuu. Hii parsele yote ya Kilibula hapa Uvira, kiwanja na nyumba, ni yake. Na siku ya matanga ya baba mukwe alisema mbele ya watu wote: katika parsele ya bwana wangu, muntu wa kule juu hatalala.

Nilisahau kumwambia nani amepanga. Hapana, sikusahau. Niliacha.

Placide anasema mambo hayo ni ya wanawake, amegeukia ukuta.

Akimwona Mutoni, Mutoni anatoka. Na Cyusa anatoka. Na usingizi wa mtoto wangu unatoka nao, mgongoni.

Nimepata akili! Mpaka mama mukwe arudi kwake, Mutoni atakuwa Mufuliiru wa Bwegera kule bondeni, mkulima wa muchele.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mutoni alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. Baba yake ni mchungaji wa kanisa, kwa hiyo yeye hawezi kusema uongo. Nikamwambia uongo ni kazi yangu, yeye kazi yake ni kunyamaza. Alifikiri sana. Akasema kunyamaza si dhambi, lakini iko karibu.

Cyusa ni shida. Hilo jina linasikika mbali kwamba si la Bwegera. Nimemfundisha kuwa Héritier. Nilitumia biskuti. Kila akiitika Héritier, biskuti moja. Alikula paketi yote, akapangusa mdomo, akaniambia, mama Délice, minye ni Cyusa.

Miaka minne tu! Kichwa kigumu kama cha mama yake.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Amefika. Amesimamisha pikipiki mbele ya mlango, akamgombeza kijana wa pikipiki kwa sababu ya mashimo ya barabara, kana kwamba ndiye aliyeyachimba. Ameleta mfuko mkubwa wa ndakala kavu, samaki wadogo wa ziwa, alizozianika mwenyewe. Parsele yote inanukia ziwa.

Nimemwonyesha Mutoni upesi upesi. Mama, huyu ni mpangaji, Mufuliiru wa Bwegera. Ni nini nilifanya! Mama mukwe Kifuliiru anakijua kama chumba chake. Akamsalimia kwa Kifuliiru, maneno mengi. Mutoni akafungua mdomo, mimi nikaingia katikati: ana jino, mama, linamuuma sana, dokta amemkataza kusema.

Mama mukwe akasema pole.

Saa ya kula nilipika bugali na zile ndakala zake, nyanya nyingi, pilipili kidogo. Nilimwekea Mutoni sahani. Mutoni aliitazama kama mtu anayetazama panya. Kwao hawali samaki. Si kwamba hawapendi, hawali tu, tangu babu zao. Ningalifikiri hilo mapema! Nikasema haraka kwamba amefunga kwa maombi.

Mama mukwe akamtazama, akanitazama.

"Mufuliiru asiyesema na asiyekula," akasema. "Sasa anaishije?"

Cyusa akaja mbio kutoka nje. Nikaita kwa sauti nzuri, Héritier, njoo usalimie bibi! Akageuka nyuma kuangalia huyo Héritier yuko wapi.

Jumatatu mama mukwe atarudi. Naweza kushika mpaka Jumatatu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Leo nimeokoa mambo. Nilijua tangu shule kwamba nina akili, ni hisabati tu zilizonikatalia.

Mama mukwe amesema anataka kuzunguka vyumba vyote kuangalia mabati. Mutoni alikuwa ameenda sokoni kuuza mashanza, maziwa yaliyoganda. Anayabeba katika bido za plastiki, wanamletea ndugu zake kutoka bondeni. Nikaingia chumbani kwake kwanza kuona kama kuna kitu cha kutuuza. Nguo, sawa. Biblia, haina shida. Na pale juu ya sanduku, icyansi! Chombo cha maziwa, cha mti, kirefu, cheusi kwa kushikwa na mikono, na kifuniko chake cha kusuka chenye ncha. Mtoto wa Uvira wa miaka mitano anajua hicho ni cha nani.

Kukificha wapi? Chumba ni kitanda na sanduku. Kwangu mama mukwe anafungua mpaka masufuria.

Ndipo akili ikaja. Nikakijaza ndakala! Zile kavu, mpaka juu, na nyingine nikaziacha zichungulie ukingoni. Chombo chenye ndakala ni chombo cha watu wa ziwa. Nani atauliza?

Mama mukwe akaingia. Akaangalia mabati. Akaangalia sanduku. Akainama na goti lake, akanusa. Akanitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akatoka.

Imepita! Nimejipikia chai yenye sukari nyingi.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Jana Mutoni alirudi na kichwa kikimuuma, akalala mapema bila kugusa kitu. Mimi nilisahau kuzitoa zile ndakala. Leo asubuhi nilisikia kimya chumbani kwake. Nikaenda.

Alikuwa ameketi chini, icyansi mapajani, ndakala zimemwagika kwenye kikwembe chake. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Nilianza kueleza, mabati, mama mukwe, mtoto wa miaka mitano. Aliniacha nimalize.

Akaniambia taratibu kwamba kilikuwa cha mama yake. Kwamba siku walipokimbia aliacha sufuria na godoro, akabeba Cyusa na hiki. Kwamba ng'ombe hana tena, lakini alikuwa anakifungua jioni ananusa, na ndani bado kuna kwao. Akasema, kulikuwa, mama Délice. Sasa ndani kuna ziwa.

Sikujua! Nilijua hawali samaki. Sikujua kwamba samaki akigusa chombo cha maziwa ni kama mtu amekiua.

Akaanza kukunja nguo. Akasema hana hasira, anaenda tu kwa dada yake kule Katogota. Nikamshika mkono, akautoa kwa upole. Délice akaanza kulia kwa ile sauti yake ya kuamsha Kilibula nzima, Placide akagonga ukuta, na mimi pia nikalia, mtu mzima, na ndakala mkononi.

Mama mukwe akatokea mlangoni. Nani anaua huyo mutoto?

Nikasema ukweli wote. Hakukuwa na nafasi ya kitu kingine.

Nilingoja aseme toka. Hakumwambia Mutoni neno. Mimi ndiye niliyeyapata maneno yake! Weye mukamwana, unaniona minye ni kipofu? Mufuliiru gani anamuita mutoto Cyusa? Mutoto mwenyewe aliniambia. Nilijua tangu Jumatano, nikasema niache nione huyu mujinga anafika wapi. Ungesema kweli ningekasirika siku moja, kwisha. Sasa nimekasirika siku tatu, na goti linaniuma!

Kisha akachukua icyansi. Akakigeuza, akakipapasa ndani kwa vidole, kama anavyompapasa Délice tumbo. Sauti ikashuka. Akasema wakati wa vita walipovuka ziwa kwenda Tanzania, kambini Nyarugusu, alibeba mwiko wa mama yake. Mwiko tu. Mwanamke mmoja wa kambini akauazima, akachochea nao chakula cha nguruwe.

Mutoni akauliza, ulifanya nini?

Mama mukwe akasema, nilimupiga nao.

Mutoni akanitazama. Nikarudi nyuma kidogo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kazi tangu asubuhi. Maji moto, majivu, ndimu, jua. Halafu maji moto tena. Mimi ni wa kuchota. Wao ni wakubwa.

Harufu haitoki.

Mutoni anasema kwao chombo cha maziwa kinafukizwa moshi wa majani ya kule juu. Mama mukwe akasema habari ya moshi asimfundishe mtu, yeye amekausha samaki maisha yote, moshi anaujua kama wanawe. Akaleta kuni zake. Mutoni akazinusa, akasema kwa heshima zote, mama, hizi kuni ziko na samaki ndani. Mama mukwe akakasirika. Akazinusa mwenyewe. Akazirudisha.

Waliketi kwenye mbabula, jiko letu la makala, wakibishana, huyu anasema moshi mwembamba, huyu anasema moshi mzito. Délice alikuwa mgongoni kwa Mutoni. Kisha Mutoni alihitaji mikono yote miwili, akamhamishia mgongoni kwa mama mukwe, akamwonyesha: usimurushe, tembea kama una maji kichwani. Mama mukwe aliyezaa watoto wanane! Nilifunga macho kungoja radi. Mama mukwe akatembea kama ana maji kichwani.

Mtoto hakuamka.

Ndugu mmoja wa Mutoni alipita saa ya mchana na bido za maziwa, na kifungu cha majani makavu ya kule juu, Mutoni alikuwa amemwagiza kwa simu. Wakayachoma, wakakiinamisha chombo juu ya moshi. Mutoni akanusa. Tukangoja, hata Placide alisimama mlangoni bila shati.

Akasema, ziwa iko bado. Kidogo.

Mama mukwe akasema basi huendi Katogota. Chombo hakijapona, unakipeleka wapi? Kitakaa hapa kwenye moshi mpaka kipone, na weye utakaa nacho, na huyu aliyekiharibu atatafuta majani.

Mutoni alifungua mfuko wake, akarudisha nguo juu ya sanduku, moja moja.

Nilienda nyuma ya nyumba kujipangusa uso.

Baadaye nikamuuliza mama mukwe, polepole, kama sasa amebadilisha mawazo juu ya watu wa kule juu. Akasema hapana, hawapendi bado. Na huyu? Akashangaa na swali langu. Huyu si wao, huyu ni mama Cyusa.

Jioni Mutoni aliniambia ananisamehe, kwa sababu Biblia inasema. Nikamuuliza kama ingekuwa si Biblia. Akasema, mama Délice, acha kuuliza.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimelala mchana wote. Sina la kuandika.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mama mukwe alikuwa arudi Makobola jana. Harudi. Ni goti, anasema. Goti hilo hilo lilimpeleka asubuhi mpaka sokoni kusaidia kuuza mashanza, na huko aliwaambia wateja kwamba maziwa haya ni safi, anamjua mwenyewe aliyeyagandisha. Usiku anamwimbia Délice wimbo wa Mutoni, maneno yote anayakosea.

Leo amekuja mwanamke kuangalia chumba cha mbele. Ametoka Burundi. Ana mapacha, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, wote wanalia. Macho yake mekundu. Nilimjua mara moja bila kumjua. Huyo hajalala tangu azae.

Lakini jana tu mama mukwe alisema mtu yeyote anaweza kuingia kile chumba, ila si Barundi, Barundi wana kelele. Na Mutoni, Mutoni wangu mimi! akaitikia kwa kichwa. Eti kweli mama, wana kelele. Wakatazamana kama watu wa tumbo moja.

Nilitazama wale mapacha. Nilitazama yale macho. Nikamshika mwanamke mkono, nikamleta mpaka kwenye mbabula, nikasema kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi: mama, huyu ni Mubembe wa Fizi. Mtu kimya sana.

"Mwaramutse!" akasalimia yule mwanamke, kwa Kirundi, sauti ikasikika mpaka barabarani.

Mutoni akainua macho kuangalia mbingu.

Nikaeleza kwamba Babembe wa siku hizi wanasalimiana hivyo.

Mama mukwe alikuwa ameshanyoosha mikono, amemchukua pacha anayelia zaidi, na anatembea naye kama ana maji kichwani.

Nadhani ameamini.