Protini Ipo, Mimba Haipo

Jumatatu, 4 Machi
Miguu ya mke wangu imevimba, viatu haviingii. Mimba ina miezi saba. Mkunga anataka mkojo wake wa kesho asubuhi apime protini. Ikizidi, huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Lakini mke wangu ni mwalimu, saa moja yuko darasani. Akasema atampa kaka yake aupeleke. Shemeji! Kila kitu shemeji! Nikamwambia baba wa mtoto ni mimi, na chupa nitaibeba mimi. Alinitazama sana kabla ya kukubali.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita makusudi mbele ya duka la shemeji. Nikaipunga chupa, aone nani anaaminiwa. Kifuniko kikachomoka! Nusu chini, nusu kwenye suruali yangu. Shemeji akauliza kama nahitaji kitambaa. Nikakataa kwa heshima zote. Nikatimua mbio hadi zahanati, nikaingia chooni, nikaijaza chupa mwenyewe. Karatasi yenye jina la mke wangu bado imebandikwa. Mkojo ni mkojo. Nani atajua?

Jumatano, 6 Machi
Mkunga katuita haraka. Kampima mke wangu presha, iko sawa. Akaguna. Akaeleza kuwa protini ilikuwa nyingi mno, naye hakuridhika, akapima na homoni ya ujauzito. Hakuona hata chembe.

“Protini ipo, mimba haipo,” akasema, huku akilitazama tumbo la kujaza mlango mzima.

Nilikaribia kucheka. Kisha mke wangu akalishika tumbo kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ndogo, “Mwanangu amekufa?”

 Nikasema yote. Kifuniko, suruali, choo. Mkunga akaweka kalamu chini.  Mke wangu akachukua chupa mpya, akaenda chooni mwenyewe.

Nilisubiri pale kwenye benchi, nimekunja mikono kama mshtakiwa. Dakika kumi zikawa mwaka.

Protini hakuna. Homoni tele! Uvimbe ni wa kusimama darasani kutwa, ainue miguu kila apatapo nafasi. Mkunga akaweka kifaa tumboni, tukasikia moyo wa mtoto ukienda mbio kama mtu aliyechelewa kazini. Nikalia kama mtoto mwenyewe. Mke wangu akanipa leso, kisha akanifinya sikio. Sijawahi kufurahia kufinywa namna ile.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji keshapata habari. Kaja na zawadi: chupa yenye kifuniko cha kukaza. Mke wangu kacheka mpaka kajishika mbavu, miguu juu ya mto. Acha acheke. Yuko salama, mtoto yuko salama. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Mkunga kanipigia. “Baba, ile protini ilikuwa yako.” Labda ni zile mbio, labda ni figo. Nipeleke mkojo wangu kesho asubuhi.

Figo! Mimi? Nimekosa raha hadi saa kumi jioni, ndipo akili ikafunguka. Mkojo usio na protini hata kidogo upo humu humu ndani, na mwenye nao ananipenda. Nitamwomba kidogo tu.

Homoni? Nani atampima mwanaume homoni!