Nondo wa Gesare Atatoka Sabato

Jumatatu, 4 Mei
Gesare wangu amerudi chuoni. Ameniachia kopo la udongo, na juu yake kitu cha kahawia, kigumu, hakina kichwa wala miguu. Eti ndiye yule kiwavi wake wa mwezi jana, mwenye pembe mkiani! Humo atatoka nondo mkubwa wa msituni, kijani mwili mzima. Niandike siku atakayotoka, nisimguse. Sawa.

Jioni jirani yangu Nyanchoka akaniuliza mbele ya akina mama wa kanisa: Mama Gesare, wenzako wanasomesha madaktari, wako anasomea viwavi? Wakacheka! Nikawaambia waje Sabato, saa nane, nondo atoke wakiona.

Jumanne, 5 Mei
Nimempigia Gesare. Labda wiki mbili, anasema. Wiki mbili! Lakini mimi nimeivisha ndizi miaka ishirini. Ni joto tu. Nimefunga kopo kwa majani makavu ya mgomba, nikaliweka kando ya jiko. Gesare hana haja ya kujua.

Jumatano, 6 Mei
Baba Gesare aliona majani, akaingiza mkono atafute ndizi mbivu. Kile kitu kikajipinda vidoleni mwake. Kelele hizo! Mimi nilifurahi. Kiko hai.

Alhamisi, 7 Mei
Ametoka! Mapema mno. Mabawa yamekunjamana kama majani ya chai yaliyonyauka. Nimempika! Nikampigia Gesare nikilia, nikakiri yote. Akacheka: Mama, wote hutoka hivyo, mwache apande kijiti, mabawa yajae. Nikakaa kumtazama, chai ikabaki bila kuchumwa. Yakajaa. Kijani, jamani! Na ya nyuma manjano kama kiini cha yai. Gesare akaona picha niliyomtumia, akasema ndiye mwenyewe, ataandika kwamba mama yake ndiye aliyemtunza. Mimi, wa darasa la tano! Akaniomba nimwachie, akatafute mwenzake watage. Nitamwachia. Baada ya Sabato. Nimemfunika na kikapu.

Ijumaa, 8 Mei
Nimeinua kikapu kidogo tu, nione kama anapumua. Huyooo! Ameenda. Alipendeza akienda, lakini.

Jumamosi, 9 Mei
Walikuja wote kumi na wawili. Nikawaonyesha ganda tupu. Nyanchoka akasema hilo ni la njugu. Nikampigia Gesare, sauti juu wote wasikie. Akawaeleza yai, kiwavi, ganda, nondo, polepole, kwa Ekegusii safi, lugha yetu ya nyumbani. Akina mama wakasogelea simu. Nilitazama paa nisilie.

Kisha Nyanchoka akanivuta kando, mpole kabisa. Wadudu wanamaliza mahindi yake, Gesare hawezi kuwaangalia? Nikamwambia anakuja Jumanne, saa tatu, na gari la chuo, na profesa wake ndani.

Gesare bado sijamwambia.