Hotuba ya Kuzindua Kituo cha Kufumua Masweta, Ha Rantsilonyane

Mheshimiwa Morena Ntsane, chifu wa Ha Rantsilonyane na mlezi wa malisho yake ya juu na ya chini, Mheshimiwa mke wa Morena, Waheshimiwa madiwani mliofika, Waheshimiwa madiwani mliotuma udhuru, na nyie ambao hamkutuma udhuru lakini uheshimiwa wenu uko palepale, Mchungaji wa kanisa la ng'ambo hii na Mchungaji wa kanisa la ng'ambo ile, Mwalimu Mkuu, Ndugu askari polisi pamoja na farasi wake, bo-ntate, bo-'me, akina baba na akina mama, vijana ambao ni nguvukazi ya taifa, wageni waalikwa na wageni waliosikia harufu ya nyama, na mimi mwenyewe, Tlalinyane Ramokoatsi, Mratibu Mwandamizi wa Mpango Mkakati wa Urejelezaji Shirikishi wa Masweta Chakavu ya Sufu katika Ngazi ya Kaya: Khotso!

(Khotso ni amani; tukaitikia "Pula!", yaani mvua, kwa sauti ya watu wenye njaa. Tulikuwa pale tangu umande. Mimi nilikaa nyuma yake, kwenye kiti ambacho Morena humwekea mama mzee kuliko wote. Shule niliiona kwa nje tu, lakini masikio ninayo, na hotuba nimeishika yote. Yangu nayaweka kwenye mabano. Yaliyo nje ya mabano ni yake, na ayabebe mwenyewe.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu leo si kwa sababu napenda kusimama, maana ofisini kwangu nina kiti kinachozunguka, bali kwa sababu historia imenisimamisha, na historia ikikusimamisha huna budi kusimama, na ukishasimama huna budi kusema, na ukishasema huna budi kukumbusha kwamba ni mimi, wala si mwingine, niliyebuni wazo la kwamba sweta kuukuu ni fursa iliyolala, na kwamba fursa iliyolala inahitaji mtu wa kuiamsha, kuivalisha na kuiingiza katika mchakato.

(Alibuni! Bibi yangu alikuwa anafumua masweta ya wazungu wa misheni, anaosha uzi, anautundika na jiwe chini ili unyooke, anauchemsha na maganda ya vitunguu. Huyu hata babu yake alikuwa hajaota ndevu.)

Mtakumbuka kwamba wakati wa mavuno, timu yangu ya wataalamu ilipita nyumba kwa nyumba ikiwa na gari, ikakusanya masweta yenu kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, na ikatoa ahadi, na ahadi hiyo naithibitisha hapa kwa kinywa hikihiki, kwamba yatarudi kwenu yakiwa uzi mpya uliotiwa rangi kwa mkono kabla theluji haijaanguka.

(Walipita, ndiyo, na sisi tukatoa kama kondoo wa kukatwa manyoya. 'Maliepollo, jirani yangu, alitoa sweta la marehemu mumewe, Sekake. Msiba ulipovuliwa na nguo za marehemu zikagawanywa, blanketi lilikwenda kwa kaka yake, buti kwa mjomba wake, mjane akabakiwa na sweta. Alitaka kulifumua, alitie rangi nyekundu kwa mizizi ya khamane, amfumie Liepollo, mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa tayari kaburini. Wale wa gari wakamwambia, "Mama, usijisumbue, mashine itafanya vizuri zaidi." Basi theluji ndiyo ile mlimani, na mtoto alikuwa pale mgongoni kwa mama yake kafungwa taulo. "Nkhono," yaani bibi, aliniambia asubuhi, "leo wakinipa huo uzi, hata robo yake, naanza kufuma hapohapo.")

Na wapo wanaouliza, kiko wapi hicho kituo? Nawajibu kwa takwimu na kwa kidole. Tazameni pale, nyuma ya zizi la Morena. Kituo chetu kimejengwa kwa kuzingatia misingi ya uwazi, na ndiyo maana mkitazama mnaona hadi ng'ambo ya mto. Ndani yake itafungwa mashine ya kisasa, sweta likiingia upande huu likiwa kuukuu, upande wa pili linatoka uzi, na upande wa tatu zinatoka ajira.

(Pale nyuma ya zizi palikuwa na mbuzi wa Morena. Mzee mmoja akauliza, "Huyo mbuzi ndiye mashine?" Watu wakacheka. Mheshimiwa akainamisha kichwa, akashukuru kwa makofi.)

Naona furaha yenu. Na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno matupu, naomba nivue koti hili, dereva nishikie, ili mjionee matokeo kwa macho yenu. Tazameni! Sweta hili nililovaa ni zao la kwanza la mradi, limefumwa kwa sufu iliyorejelezwa, limefikia viwango vya kimataifa, na limevaliwa na kiongozi wenu kwa niaba yenu ili ninyi msipate taabu ya kulivaa.

(Lilikuwa sweta la rangi ya maziwa, mistari mitatu ya njano kwenye pindo. 'Maliepollo alisimama kama aliyechomwa na siafu. "Ntate! Hilo ni la mume wangu! Hiyo mistari nilimwongezea mimi, alikuwa mrefu, lilikuwa linamwacha tumbo wazi!")

Makofi kwa dada yetu! Mmesikia ushuhuda wa namna bidhaa zetu zinavyogusa maisha ya mwananchi wa kawaida. Keti, mama, keti, maswali ni mwisho, na mwisho hatutakuwa na muda.

(Akaketi. Hakulia, na bora angelia. Akamshusha mtoto mgongoni, akamwingiza ndani ya blanketi lake mwenyewe, akatazama chini. Hapo ndipo damu yangu ilipochemka. Mimi sina cheo cha kumnyamazisha mkubwa kwenye mkutano wa Morena. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na makalio yake, na kifuani kwangu nilikuwa na pini ya blanketi.

Sikilizeni niwaambie. Sisi huku tunafuma kuanzia shingoni, tunashuka tukizunguka. Mtoto akirefuka unafungua pindo, unamwongezea. Kwa hiyo fundo la mwisho liko chini, ubavuni, na ukilipata, sweta zima linakufuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mtu anayejua masweta hasimami amempa mgongo bibi wa Ha Rantsilonyane. Nikaingiza ncha ya pini, nikalegeza fundo, nikavuta. Uzi ukaja. Nikamnong'oneza 'Mathakane aliyekaa ubavuni kwangu, "Viringisha." Akaniuliza, "Nini?" Nikamwambia, "Viringisha wewe, utauliza ukizeeka.")

Ndugu zangu, mafanikio ya awamu ya kwanza hayana kifani. Katika kila masweta mia moja yaliyokusanywa, masweta mia moja na arobaini yamefanyiwa tathmini. Kiwango cha kuridhika kwa wananchi kimepanda kwa asilimia tisini, na hiyo iliyobaki kumi ni ya watu ambao hata mbinguni watalalamikia viti. Tumeendesha semina ya rangi nyekundu, warsha ya rangi ya bluu, na kongamano la siku tatu kando ya ziwa kujadili kama kijani ni rangi ya kimkakati.

(Mstari wa kwanza wa njano umekwisha. Sekake alikuwa jitu. Hata na tumbo lake lote, Mheshimiwa alikuwa anaogelea ndani ya lile sweta, hakuhisi kitu. Watu wa mbele waliona pindo linapanda. Kwanza kicheko kimoja, halafu uwanja mzima. Akina mama wakapiga vigelegele.)

Asanteni! Asanteni sana! Nilikuwa nimekusudia kuishia hapa...

("Hapana!" walipiga kelele. "Endelea, Mheshimiwa! Takwimu! Tuongezee takwimu!" Mama mmoja akapaza sauti, "Tupe na za mwaka juzi!" Tangu nizaliwe sijaona watu wakililia takwimu.)

...lakini mimi ni nani hata nikatae sauti ya wananchi! Basi tuanze na mwaka juzi. Mwaka juzi, kabla ya mradi kubuniwa, mradi ulikuwa tayari umevuka malengo yake kwa robo tatu. Mwaka jana tulipata changamoto ya kutokuwepo, ambayo tuliikabili kwa kuunda kamati, nayo kamati ikaunda kamati ndogo, nayo kamati ndogo ikala chakula cha mchana.

(Njano yote imekwisha, tumeingia kwenye maziwa. Yule askari wa farasi akaja polepole nyuma yetu, akainama. "Nkhono, unafanya nini?"

"Nafanya mradi," nikamwambia. "Mkubwa wako anauzindua, mimi nautekeleza."

Akatazama lile donge mikononi mwa 'Mathakane. Akamtazama 'Maliepollo na lile taulo la mtoto. "Mimi nilikuja kuangalia usalama," akasema, akarudi kwa farasi wake akampangusa pua, farasi asiyekuwa na kamasi.

Mara Mheshimiwa akasogea mbele hatua mbili kwa mori wa maneno. Uzi ukakaza hadi nikaogopa utakatika, na sufu ya zamani ikikatika, ncha inapotea, basi tena. Morena Ntsane, ambaye tangu mwanzo alikuwa ameficha mdomo ndani ya blanketi lake, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, rudi nyuma kidogo, jua linakuchoma usoni." Akarudi. Mungu ampe Morena maisha marefu na ng'ombe wanono.)

Nashukuru, Morena, kwa kujali. Kwa kweli, ndugu wananchi, wakati nasema nanyi nausikia upepo wa mabadiliko ukinivumia mgongoni, naam, na kiunoni pia, na huo si upepo wa kawaida, ni ishara kwamba taifa linapumua.

(Taifa! Ilikuwa fulana yake imechomoka. 'Maliepollo alikuwa ameinua macho sasa. Aliona donge. Akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kumcheza, nikajua hicho si kilio.)

Na sasa, kwa kuwa kila chenye mwanzo mzuri kina mwisho mzuri zaidi, semeni nami kauli mbiu yetu. Sweta kuukuu!

("Rudisha!" wakaitikia.)

Nguvu zaidi! Uzi mpya!

("Vuta!")

Kituo chetu!

("Kiko wapi!")

Hongereni kwa umoja wenu! Nimalizie kwa shukrani za dhati. Namshukuru mke wangu mpendwa, aliyeyapokea masweta yenu, akayafua, akayapiga pasi, na akayatafutia makazi mapya katika kibanda chake cha nguo pale stendi ya Maseru. Namshukuru mkandarasi wa kituo, ambaye alipokosa kituo cha kujenga hakukubali kukaa bure, akanijengea baraza nyumbani kwangu. Nawashukuru waliotuletea mashine, ambayo ilifika salama ikiwa picha, na picha hiyo imetundikwa. Na zaidi ya yote nawashukuru ninyi, wananchi wavumilivu, kwa kukubali kuzindua kituo ambacho hakikujengwa, hakijengwi, na kwa mujibu wa bajeti hakitajengwa, kwa maana kitu ambacho hakipo, ndugu zangu, hakiwezi kuharibika. Khotso! Pula! Nala! Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyeitikia. Alikuwa amesema mwenyewe, kwa kinywa hichohicho alichothibitishia ahadi.

Akageuka aketi. Uzi ukamvuta kiuno. Akatazama chini, akaona fulana, akaona kitovu, akanitazama mimi. Sweta lilikuwa limeishia kwapani. Alibaki na kola na mikono miwili, kama kuku aliyenyonyolewa nusu mgeni akabisha hodi.

"Nkhono! Sweta langu!"

"Lilikuwa lako lini?" nikamuuliza.

Nikakata uzi kwa meno, nikalichukua lile donge kwa 'Mathakane, kubwa kama kichwa cha ndama, nikashuka nalo hadi kwa 'Maliepollo. Alilinusa kwanza. Halafu akampa Liepollo alishike, na yule mtoto akalikumbatia kwa mikono yote miwili, akaanza kulila.

"Uzi wa mwili wa sweta unamtosha," nikamwambia mama yake. "Leo hii weka sufuria ya khamane motoni."

"Na akirefuka, Nkhono?"

Nikageuka. Mheshimiwa alikuwa anamwita dereva alete koti, meno yakigongana.

"Mheshimiwa!" nikamwita. "Keti hapa karibu yangu baba, utueleze kidogo kuhusu awamu ya pili. Bado mikono.")